Kabla Hamjagombania Hoteli ya Kale, Ulizeni Kilicho cha Kale ni Kipi

Ukiona mabati yamezungushwa kwenye hoteli ya zamani katikati mwa Nairobi, na juu ya mabati pamebandikwa picha ya jumba la vioo lenye miti isiyoota popote hapa nchini, ujue mjadala umeshachelewa. Siku hiyohiyo mitandao huwaka. Kuna wa "urithi wetu unauzwa", na kuna wa "hiyo ni nyumba ya mkoloni, bomoeni tujenge". Wiki mbili zikipita, tingatinga linaingia usiku wa Ijumaa wakati mahakama zimefungwa hadi Jumatatu, na kinachobaki cha kujadiliwa ni kifusi.

Kosa linalojirudia ni kugombania jina. Hoteli ni jina, ni biashara, ni jengo na ni kiwanja, na vitu hivi vinne havina umri mmoja wala mwenyewe mmoja. Anayetaka kuhifadhi asipovitenganisha mapema, anayetaka kubomoa atamtenganishia, tena akiwa na wakili.

Chukua Stanley. Jina ni la tangu 1902, Mayence Bent alipofungua nyumba ya wageni kwenye barabara iliyoitwa Victoria Street, ambayo leo ni Tom Mboya. Moto wa 1905 ukaila nyumba ile. Biashara ikahama, na kufikia 1913 ilikuwa kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street za leo, ikiitwa New Stanley. Tangu hapo jengo limekatwa, likaongezwa, likapandishwa. Hata mgunga wa Thorn Tree, mkahawa wa hoteli hiyo ambako wasafiri walikuwa wakiachiana barua, uliopo sasa si ule wa kwanza. Kwa hiyo mtu akisema "hoteli ya 1902" anasema kweli kuhusu jina tu. Akiingia mahakamani na tarehe hiyo, upande wa pili utamwomba aonyeshe jiwe la 1902 liko wapi.

Norfolk ilifunguliwa Krismasi ya 1904 na haijahama. Lakini usiku wa 31 Desemba 1980 bomu lilibomoa sehemu yake na kuua watu, na kilichojengwa baada ya usiku ule hakiwezi kuitwa cha 1904. Torr's ni kinyume chake: aliijenga mlowezi Ewart Grogan mwaka 1928, hoteli ikafa, jengo likawa benki, na mpaka leo limesimama Kenyatta Avenue huku wapita njia wengi hawajui kwamba ndani yake watu waliwahi kulala na kucheza dansi. Hilton ilijengwa 1969 na ikafungwa mwisho wa 2022. Jina limeondoka, mnara wa mviringo umebaki, na sasa tunaulizana kama zege la 1969 nalo ni urithi. Nasema ni urithi, kwa sababu Nairobi ya miaka ya kwanza ya uhuru iliamua kuonekana hivyo, na majengo ya namna ile hayajengwi tena.

Hoja ya "nyumba ya mkoloni" isichekwe. Hoteli za enzi ya ukoloni Mwafrika aliziingia kwa mlango wa nyuma, amebeba trei. Norfolk walowezi wenyewe waliibandika jina la utani la nyumba ya malodi, yaani makabaila wa Kiingereza. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika kituo cha polisi kilichokuwa jirani kudai kiongozi wao Harry Thuku aachiliwe, na Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyekuwa umatini, akawasuta wanaume waliokuwa wakisitasita, polisi walifyatua risasi. Masimulizi ya tukio lile yanasema walowezi waliokuwa verandani mwa hoteli nao walifyatua. Barabara inayopita mbele ya hoteli leo inaitwa Harry Thuku. Kwa hiyo ukiniuliza, mahali pale pa veranda pahifadhiwe kwa sababu ya risasi kuliko kwa sababu ya chai ya saa kumi. Umbali kati ya meza ya mlowezi na kituo cha polisi unaweza kuupima kwa miguu. Ukibomoa upande mmoja, umbali ule unabaki sentensi kitabuni.

Umri peke yake haulindi kitu

Wengi hudhani jengo likifikisha miaka 100 linalindwa lenyewe, kama mzee anayepishwa kiti kwenye matatu. Kenya haina utaratibu huo. Afrika Kusini ndiko sheria yao ya urithi ya 1999 inakotaka kibali kabla ya kugusa jengo lolote lililopita miaka 60. Hapa, Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kulindwa, liwe la 1904 au la 1969, lakini ni lazima litangazwe. Waziri hushauriana na Makumbusho ya Kitaifa, notisi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa miezi miwili. Mwaka 1895 uliomo katika sheria hiyo, ambao watu huutaja mara kwa mara, unahusu vitu vya kale vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya hapo. Na hata ungehusu nyumba, Nairobi nzima ingekosa: reli ilifika hapa 1899, pakiwa bado uwanda na kinamasi.

Kazi ya kwanza basi ni kuitafuta notisi. Gazeti linasomeka bure mtandaoni, na Mpigachapa wa Serikali yuko Haile Selassie Avenue. Ukiipata, soma maelezo ya kilichotangazwa neno kwa neno. Ikiwa imetaja jengo peke yake, anayetaka kujenga kwenye bustani atakuja na hoja kwamba bustani haimo, na hoja hiyo haitakuwa ya kipuuzi. Ikiwa imetaja nambari ya ardhi, mambo yanabadilika. Ikiwa hakuna notisi kabisa, usipoteze muda kupiga kelele kwamba sheria imevunjwa. Omba jengo litangazwe, na uombe leo. Tangazo halimnyang'anyi mwenye jengo umiliki wake, jambo ambalo wamiliki wengi hawaambiwi, ndiyo maana hulikimbia kama moto.

Kisha linganisha notisi na hati. Ardhi nyingi za katikati mwa Nairobi zina nambari inayoanza na 209/. Fanya upekuzi rasmi kwenye Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni wa wizara ya ardhi, kwa nambari hiyo, upate na ramani ya mipaka. Hoteli za zamani zilipanuka kwa kumeza majirani, kwa hiyo usishangae ukikuta jengo la mbele liko kwenye hati moja, maegesho kwenye ya pili, na vyumba vya nyuma kwenye ya tatu. Ujanja hukaa hapo. Maegesho huuzwa kwanza, kimyakimya. Mnara unapanda hapo, jengo la kale linabaki kivulini likiwa limesalimika kwenye karatasi, huku maji ya mvua ya mnara yakimwagikia paa lake. Tazama pia muda wa kukodi uliobaki na matumizi yaliyoandikwa. Ardhi iliyokodishwa kwa hoteli haigeuki ofisi au fleti bila kibali cha kubadilisha matumizi, na ombi la kubadilisha ni mlango ambao mwananchi anaweza kuupitia kupinga.

Katiba imegawa kazi: majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ni ya serikali kuu, mipango ya ujenzi ni ya kaunti. Jengo lisilotangazwa huanguka katikati, kila ofisi ikinyooshea nyingine kidole. Kwa upande mwingine, Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, ina hadi sheria yake ya Bunge. Ila sheria haijawahi kuziba paa linalovuja, na hilo linatuleta kwenye kuta.

"Jengo si salama"

Ripoti ya mwekezaji itasema hivyo. Mara nyingine ni kweli kabisa, na anayetetea jengo asijifanye haoni. Swali ni sehemu gani si salama, na ni nini kilichoifanya iwe hivyo. Majengo mengi ya zamani hapa mjini hayajachoka kwa umri. Yamechoshwa na matengenezo.

Anza chini, nje. Kuta za majengo ya mapema ni mawe yaliyochongwa kwa mkono na kuunganishwa kwa chokaa, na sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya ardhi, na chini yake kuna nafasi ya hewa. Ukitazama ukutani karibu na ardhi utaona vitundu vyenye wavu wa chuma. Hivyo ndivyo mapafu ya sakafu. Sasa kila barabara inapotengenezwa, lami huongezwa juu ya lami, kisha kabro juu ya lami, na baada ya miaka mingi njia ya miguu imepanda hadi vitundu vimezikwa. Hewa haipiti, unyevu unakaa, mbao zinaoza, mchwa wanakuja. Halafu mtu anakanyaga, ubao unavunjika, ripoti inaandika "sakafu imefikia mwisho wa maisha yake". Dawa ya kwanza ni kung'oa kabro na kuchimba mfereji wa upana wa sentimita 30 hivi kandokando ya ukuta, uwekwe kokoto na bomba la kutoa maji. Kazi ya siku chache kwa vibarua, na haihitaji mnara wa vioo.

Panda juu kidogo: lipu ya saruji. Chokaa ni laini na hupumua. Maji yakiingia ukutani hutokea kwenye viungo, na viungo ndivyo vinavyolika polepole badala ya jiwe. Fundi akija akajaza viungo vile kwa saruji ngumu, au akapaka ukuta mzima lipu ya saruji na rangi ya plastiki juu yake, maji hukosa njia. Hutokea kwenye jiwe lenyewe, yakibeba chumvi, na uso wa jiwe unaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Kila mwaka wanapaka tena, kila mwaka linabanduka. Kinachotakiwa ni kuchokoa saruji kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa grainda, kwa sababu grainda hula kingo za jiwe, kisha kujaza chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, mchanga usio na udongo, na kufunika kwa magunia mabichi siku kadhaa ili isikauke haraka. Chokaa ya Koru inapatikana. Wanaojua kuitumia ndio wachache, na fundi aliyezoea saruji atakuambia haishiki, kwa sababu kesho yake asubuhi bado ni laini. Ipe chokaa muda. Jiwe likishabanduka uso, kata lingine linalofanana ugumu. La Ndarugo linakubali kuchongwa vizuri, lakini lipimwe rangi likiwa kavu na likiwa limelowa kabla ya kuagiza lori zima.

Paa. Vigae vya Mangalore, vile vyekundu vya udongo wa kuchomwa, vinaenda kama 15 au 16 kwa kila mita mraba, na kila kimoja kina zaidi ya kilo 2, kwa hiyo paa ni zito na limezoea uzito huo. Akija mtu akabadilisha kwa mabati mepesi bila kufunga upya mbao chini, upepo wa mvua za masika utamfundisha. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, tena ni la Nairobi hasa: maji ya mgao. Hoteli inahitaji akiba, basi tangi la lita 10,000 linapandishwa juu ya dari la zamani. Hizo ni tani 10 zilizowekwa mahali palipotengenezwa kubeba vigae na fundi mmoja. Ufa unaotokea ukutani chini ya tangi huja kuandikwa kwenye ripoti kama uzee wa jengo. Tangi likae kwenye mnara wake wa chuma uani, na pampu ipandishe maji.

Vyoo navyo. Hoteli za kale zilikuwa na bafu la pamoja mwisho wa ukumbi. Kila mmiliki aliyefuata ameingiza bafu ndani ya chumba, na kila bafu limehitaji bomba la maji machafu la milimita 100, na kila bomba limekata boriti za sakafu. Tundu dogo katikati ya kimo cha boriti halina shida kubwa. Mkato wa kutoka juu au chini katikati ya urefu wa boriti ndio unaoivunja nguvu. Ng'oa dari la chumba cha chini ya bafu utazame mwenyewe kabla ya kuamini mtu yeyote. Suluhisho ni kukusanya mabomba kwenye shimo moja la wima kando ya ukumbi, na kuinua sakafu ya bafu kimo cha ngazi moja ili bomba lipite juu ya boriti. Wageni watalalamika kuhusu ngazi moja ya kuingia bafuni. Waache walalamike.

Nyaya sitazisema sana. Zilizofunikwa kwa mpira wa zamani zing'olewe zote, hakuna cha kuhifadhi pale.

Kuhusu nyufa, usikubali ripoti iliyotokana na ziara moja. Sehemu kubwa ya Nairobi imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukuta uliojengwa juu yake kwa msingi wa kina kifupi hupumua na misimu: ufa hufunguka Februari, hujifunga Mei. Bandika vipimo vya nyufa, yaani vipande viwili vya plastiki vyenye mistari ya milimita, uvisome kila mwezi mwaka mzima, masika na vuli zote zimo. Ufa unaofunguka na kujifunga kwa kiasi kilekile ni wa kuishi nao. Unaofunguka tu bila kurudi una sababu nyingine, na mara nyingi sababu hiyo ni bomba la maji lililopasuka chini au mti uliopandwa karibu. Chimbeni mashimo mawili matatu kando ya msingi, mwone unaanzia wapi na umekaa juu ya nini. Ripoti isiyo na mashimo hayo ni maoni.

Kuacha uso tu

Siku hizi suluhu inayopendwa ni kubakiza ukuta wa mbele na kubomoa vyote vya nyuma. Siipendi, kwa sababu hoteli ni ngazi, ukumbi na ua, na ukibaki na uso peke yake umebaki na bango la mawe. Lakini kuna pahali ndiyo nafasi pekee iliyopo, basi na ifanywe sawasawa.

Kabla ya kuvunja hata tofali moja, jengo zima lipimwe na kuchorwa: mipango kwa kipimo cha 1:50, na madirisha, kingo za dari na mikono ya ngazi kwa 1:5, na picha za kila chumba zenye rula ndani ya picha. Kisha fremu ya chuma isimamishwe, ikishika ukuta pande zote mbili kupitia matundu ya madirisha, ikae juu ya msingi wake yenyewe. Ndipo sakafu za nyuma zianze kukatwa, kutoka juu kwenda chini, kwa mkono pale zinapokutana na ukuta. Ukuta wa mawe ulisimama kwa sababu sakafu na paa viliushika. Ukivitoa kabla fremu haijakaza, unasimama kama karata.

Hatari kubwa inakuja na maegesho ya chini ya ardhi. Orofa tatu za chini ni kama mita 10 za kuchimba, kando ya ukuta ambao msingi wake huenda haufiki mita moja na nusu. Msingi huo lazima uongezwe kina kwa vipande, kila kipande kama mita moja, kwa kurukaruka: unachimba cha kwanza, unaruka viwili au zaidi, na hugusi cha jirani mpaka zege la kwanza limekomaa. Mkandarasi anayefukuzia tarehe huunganisha vipande viwili ili aokoe siku. Hapo ndipo ukuta huanguka, na gazetini huandikwa kuwa ulikuwa wa zamani. Jambo la pili ni maji. Karibu na Mto Nairobi utakutana nayo, na ukiyavuta kwa pampu mchana na usiku, udongo wa jirani nao unakauka na kusinyaa. Kwa hiyo vipimo vya nyufa vibandikwe hadi kwenye majengo ya ng'ambo ya kichochoro, na mhandisi aandike mapema ni milimita ngapi zikifikiwa kazi itasimama. Akikataa kuandika nambari hiyo, jibu mnalo.

Hewa iliyo juu ya paa

Wanaopinga ubomoaji huzungumza kana kwamba mmiliki ni mlafi tu. Piga hesabu yake kidogo. Chukua kiwanja cha nusu ekari, yaani kama mita mraba 2,023. Tuseme, kwa mfano tu, mipango inaruhusu sakafu za jumla mara sita ya kiwanja: ni mita mraba 12,138. Hoteli ya orofa mbili iliyofunika nusu ya kiwanja inatumia 2,023. Zinazobaki, zaidi ya 10,000, ni hewa, na hewa hiyo ndiyo inayouzwa. Ukimwambia asiijenge kwa faida ya wote, swali lake la nani atamlipa ni swali halali. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1978 ilikubali mji wa New York uzuie mnara juu ya kituo cha reli cha Grand Central, na sababu mojawapo iliyozingatiwa ni kwamba mmiliki aliweza kuhamishia haki ile ya kujenga kwenye viwanja vyake vingine vya karibu. Mumbai nayo ina utaratibu wa kuhamisha haki za kujenga kutoka majengo ya urithi. Ningependa bunge la kaunti litumie siku moja kwenye jambo hilo kuliko miezi kumi kwenye kauli za kulaani.

Hata bila utaratibu huo kuna njia ya katikati, na inajengeka. Vyumba 30 vya kale haviwezi kulipia lifti, jiko kubwa, jenereta na ngazi ya pili ya dharura. Basi jengo la kale libebe mapokezi, mkahawa na maduka ya chini, na vyumba vihamie kwenye jengo jipya la nyuma, lililorudi nyuma vya kutosha ili ukisimama ng'ambo ya barabara mbingu ionekane juu ya vigae. Jengo jipya lisimame kwa miguu yake lenyewe. Kati yake na la kale iwepo nafasi ya sentimita kadhaa iliyojazwa kitu laini, kwa kuwa moja ni zito na jipya, litazama kidogo, na la kale limeshamaliza kuzama zamani. Ukiyafunga pamoja kwa nondo, moja litalivuta jingine. Urefu nao usiachwe kwa ndoto za msanifu: Wilson, Jomo Kenyatta na uwanja wa jeshi wa Eastleigh viko karibu, na mamlaka ya usafiri wa anga ina neno lake kabla ya orofa ya mwisho kuchorwa.

Wang'arisha viatu, madereva wa teksi na wauza vinyago wa mlangoni hawamo kwenye mchoro wowote. Majina yao na mahali wanapokaa viandikwe kwenye pingamizi, la sivyo hawatakuwepo.

Siku 14, siku 60

Mikutano ya maoni ya umma huitishwa siku ya kazi, saa nne asubuhi. Nenda hata hivyo, na usiende na hotuba. Barua ya pingamizi iwe na nambari ya ardhi, nambari ya ombi la ujenzi, sehemu za jengo zinazotetewa moja moja, tarehe ya kila sehemu na ushahidi wake, na masharti mnayoyataka ikiwa kibali kitatolewa licha ya pingamizi. Sahihi elfu tano bila nambari ya ardhi hufungwa kwenye faili na kuishia hapo. Ikiwa ripoti ya mwekezaji imefichwa, iombe kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 kujibu, kwa hiyo ombi liende mapema.

Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, kaunti isipomjibu mwombaji kwa siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Ukimya wa ofisi, basi, usiuchukulie kama ushindi. Huenda saa inahesabu upande wa mwenzako. Uamuzi ukitoka, aliyeathirika ana siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya uratibu ya kaunti, na baada ya hapo ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ni njia nyingine kabisa: rufaa yake huenda kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), ndani ya siku 60. Watu huchanganya njia hizi mbili, au huruka moja kwa moja mahakamani, na jaji huwarudisha kwa kuwa hawakupitia mlango wa kwanza. Wakirudi mlangoni, siku 14 zimeshapita.

Na ikitokea kibali kimetolewa, kazi inahamia kwenye masharti yake. "Mwekezaji atahifadhi sura ya kihistoria" ni sentensi isiyoshika mtu. Sharti liseme madirisha mangapi, ya upande gani, ya mbao gani. Liseme ubomoaji wa nyuma hauanzi kabla fremu haijakaguliwa na mhandisi asiyelipwa na mkandarasi, na kwamba hakuna ubomoaji Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Mawe yanayotolewa yapigwe nambari kwa chaki upande wa ndani, na nambari hizo ziwe kwenye mchoro. Vigae vihesabiwe mbele ya afisa wa kaunti vinaposhushwa, visimamishwe kwa ubavu wala visilazwe, maana vya chini huvunjika. Ghala lake lifungwe kwa kufuli mbili, funguo moja ikae kwa mkandarasi na nyingine isikae kwake.